Kiuno cha Sindano

Mtu akimwuliza mdogo wangu mimba yake ina miezi mingapi, humjibu kwamba ni mapacha: mmoja wali, mwingine soda. Kisha humkazia macho mpaka muulizaji aone haya na kutafuta pa kwenda. Wanawe wamekwisha kuoa na kuolewa, ana wajukuu wanaomwita bibi, na bado watu humwuliza. Mimi ningewamwagia ndoo ya maji. Yeye hucheka, ila ni cheko la meno tu, na mimi dada yake najua.

Kazi yake ni kusafisha matangi ya maji. Namaanisha kuingia ndani yake, maana wapo wanaodhani tunayapangusa kwa nje kama madirisha. Kila jengo la wapangaji lina tangi juu ya paa, na hata maji yawe safi namna gani, tope hutuama chini. Lazima mtu aingie kwa mdomo wa juu, ashuke na taa kichwani, asugue kwa brashi na kuchota uchafu kwa ndoo mpaka tangi lirudi rangi yake. Mdomo wenyewe ni mduara usiozidi mfuniko wa sufuria kubwa. Wanaume wengi huingiza kichwa na bega moja wakaishia hapo. Mdogo wangu alikuwa akipita bila kugusa kingo, na ndiyo maana mafundi bomba walimpa jina la Sindano. Jina lilimganda mpaka wanawe wenyewe humwita hivyo wakijua hasikii.

Mimi kazi yangu ni kubaki nje. Katika kazi hii hakuna anayeingia ndani ya tangi bila mtu wa juu. Hewa ya ndani ni nzito, dawa ya kusafishia hupanda kichwani, na aliyeko ndani akinyamaza lazima awepo wa kumwita na kumvuta kwa kamba. Kwa kubaki nje nimeumbwa hasa. Nina mwili, sijawahi kuuficha na sitaanza leo. Nyumbani waliniita Bonge kabla sijajua kutembea, na nimeliitikia jina hilo kwa sauti kubwa maisha yangu yote ili mtu asidhani ananiumiza.

Sasa nieleze jinsi watoto wawili wa tumbo moja walivyolelewa kwa sahani mbili. Mdogo wangu ni kitindamimba, na alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo kiasi kwamba baba aliogopa kumshika. Mama aliambiwa asitie matumaini. Mtoto akaishi, na mama akajiapiza kwamba huyu atakula. Tangu hapo, sahani ya mdogo wangu haikuwahi kuisha, kwa sababu kila ikikaribia kuisha mama aliongeza. Ukoko wa mafuta, kipande cha nyama kilichobaki, sukari ya ziada kwenye chai, vyote vilikwenda kwake. Mimi nikinyoosha mkono niliambiwa, "Wewe una akiba, mwachie mwenzio." Nilimwachia. Ningefanyaje? Nilikuwa na miaka michache tu na tayari nilikuwa na akiba.

Tulipokuwa watu wazima dunia nzima ikaendelea pale alipoishia mama. Mwenye nyumba yeyote akimwona mdogo wangu akishuka ngazi, mikono kama njiti na shingo ya kuhesabika mishipa, moyo humwenda mbio kwa huruma. "Maskini, kazi ngumu na kamwili kenyewe hakana kitu! Lete soda." Soda baridi, na keki ikiwepo. Nyumba inayofuata, soda nyingine. Mimi niliyetoa jasho kwa kuvuta ndoo za tope huletewa maji, tena kwa jicho la kunipongeza kwamba nimekubali maji. Sindano hakukataa hata chupa moja. Kukataa ni kumvunjia mtu heshima, alisema, na isitoshe yeye ni mwembamba, zitamwongezea nguvu.

Tena alikuwa na ushahidi. Kwenye duka la dawa karibu na nyumbani kuna mzani, na Sindano hakupita pale bila kupanda. Kilo zake zilikuwa zilezile za siku aliyoolewa. Alizitangaza kama cheo. "Sijaongeza hata kilo, dada," alikuwa akisema huku akinitazama kwa upole uliokuwa ukinichoma. Na ilikuwa kweli. Hakudanganya. Isipokuwa kilo zilikuwa zimehama nyumba. Zilitoka mapajani, zikatoka mabegani, zikatoka makalioni mpaka sketi ikawa inamning'inia kwa nyuma, zote zikaenda kujenga mbele. Kitambi kigumu, cha mviringo, juu ya miguu ya msichana.

Mimi nilikuwa nimekwisha kukiona kitambi kile. Baba yetu alikuwa nacho. Alikuwa dobi, mtu mwembamba mwenye miguu mirefu, na tumbo lake lilipoanza kutokeza watu walimpongeza kwamba maisha yamemkubali. Mama alijivunia tumbo lile kuliko baba mwenyewe. Siku moja alianguka kazini na pasi ya moto mkononi. Hospitali walisema sukari ilikuwa imemla kwa miaka. Tukashangaa sote: sukari? Mtu mwembamba vile? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa akikifungia mkanda kila asubuhi. Tulimzika huku tukishangaa, tukarudi nyumbani, na mama akaendelea kumwongezea mdogo wangu chakula.

Basi ikaja siku ya tangi. Lilikuwa jengo tulilokuwa tukilisafisha kila mwaka, tangi lilelile, mdomo uleule. Asubuhi Sindano alipoingia nilimwona akitoa pumzi zote kwanza, kisha akajisukuma kwa viwiko. Nikamshushia brashi na ndoo. Akasugua, akachota, akaimba, akamaliza. Kisha akanyoosha mikono juu, kichwa kikatoka, mabega yakatoka, kifua kikatoka, na pale akakwama.

"Dada, vuta."

"Navuta."

"Vuta kama mtu aliyekula!"

Nilimvuta mpaka magoti yangu yakalia. Hakusogea. Alijaribu kurudi ndani, akakwama huko pia. Uso wake ulibadilika rangi, na nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake kazini: hofu. Msimamizi wa jengo alisikia kelele, akapanda ngazi, akasimama akikuna kichwa.

"Tukate tangi?" akauliza.

"Kata kichwa chako," Sindano akamjibu, nusu yake ikiwa ndani na nusu nje.

Nilimwambia msimamizi alete sabuni ya maji na ageuze uso. Nilimpaka mdogo wangu sabuni kiunoni kama mtoto anayeogeshwa, nikampasulia lile vazi la kazi kwa kisu, nikamwambia atoe pumzi na ageuke upande. Nikavuta. Alitoka na ngozi ya ubavuni ikiwa imechubuka, tukaanguka wote wawili juu ya paa, yeye juu yangu. Kwa mara ya kwanza mwili wangu ulimfaa mtu.

Alikaa kitako akihema, akalitazama tangi.

"Limekonda," akasema.

Msimamizi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika tumbo lile kwa mikono yangu miwili, na lilikuwa gumu.

Unadhani alikwenda wapi kutoka pale? Nyumbani kuoga? Hata. Alijifunga kanga yangu, akaenda na mapovu yake mpaka duka la dawa, akapanda mzani. Kilo zilezile. Akanigeukia kama aliyeshinda kesi.

"Umeona? Mzani hauna upendeleo."

"Mzani haukuulizwa habari za kiuno," nikamwambia. "Twende zahanati wakupime."

"Mimi? Wanipime mimi? Dada, mgonjwa wa kunenepa hapa ni nani?"

Maneno yale yaliingia, lakini sikumwonyesha. Nilimkumbusha baba. Akasema baba alikuwa baba. Nikamwambia mficha maradhi kilio humfichua. Akasema hana maradhi ya kuficha. Siku zilizofuata akatia pamba masikioni kabisa. Nikigusa habari hizo, anawasha redio.

Hapo nikapandwa na hasira, na hasira yangu haina haraka, ikikaa imekaa. Nilimwambia hivi: mimi juu ya paa sipandi tena. Mpaka upimwe, kamba ya kukuvuta sishiki. Alicheka. Kesho yake akanifuata na ndoo zake kama kawaida, akanikuta nimekaa mlangoni nachambua mchele. Akaondoka. Akamchukua jirani mmoja akamshikie kamba. Jirani aliona urefu wa ngazi akakumbuka kwamba ana mgeni nyumbani. Akajaribu mwingine, akasinzia juani. Wateja wakaanza kupiga simu. Mimi nikaendelea na mchele wangu. Watu wakanisema kwamba naitilia mchanga kazi ya mdogo wangu kwa wivu. Waseme. Wivu wa kutaka mtu aishi, mimi ninao.

Siku ya sita au ya saba akaja jioni, akasimama mbele yangu na mikono kiunoni.

"Haya, twende huko kwa nesi wako, uache kuninunia."

Nesi alikuwa binti mdogo, mpole, mwenye kucha safi. Alimpandisha Sindano kwenye mzani, na Sindano akanikonyeza. Nesi akaandika, akasema uzito ni mzuri. Sindano akanikonyeza tena. Kisha nesi akachukua uzi, akamsimamisha ukutani, akaukata uzi kwa urefu wake, kutoka unyayo mpaka utosi. Akaukunja katikati, akampitishia tumboni.

Ncha hazikukutana. Palibaki pengo la kuingiza kiganja.

"Uzi wako mfupi," Sindano akasema.

"Nimeukata kwa urefu wako mwenyewe, mama," nesi akasema. "Kiuno kisizidi nusu ya kimo cha mtu. Chako kimezidi."

"Kilo zangu je?"

"Kilo ni jumla tu, mama. Hazisemi mafuta yamekaa wapi. Nyama ya mikono na miguu ikipungua na mafuta ya tumbo yakiongezeka, jumla inabaki palepale. Na haya ya kwako hayako chini ya ngozi tu, yameingia ndani, yanalizunguka ini na matumbo. Hayo ndiyo yanayoleta sukari na presha, hata kwa mtu mwembamba."

Sindano aliutazama uzi ule. Kisha akaninyooshea kidole. "Mpime na huyu."

Nikapimwa. Ncha za uzi wangu zilikuwa mbali mbali, hata salamu haziwezi kupeana. Wala sikushtuka, mimi habari zangu nimeambiwa tangu darasa la kwanza na kila mtu, mpaka muuza nyanya. Tofauti ni kwamba kwa kuwa kila mtu ananitisha, mimi hupima presha na sukari kila mara, na dawa yangu ya presha nakunywa. Aliyekuwa hajawahi kutoa hata tone la damu ni mwenzangu, kwa sababu hakuna aliyemwangalia akawaza zahanati. Walimwangalia wakawaza jikoni.

Damu yake ikapimwa, akaambiwa arudi asubuhi bila kula, ikapimwa tena. Nesi akamwambia wazi: sukari imepanda. Haijawa ugonjwa, lakini imesimama mlangoni inapiga hodi. "Usijinyime ukafa njaa," akamwambia. "Huhitaji kupunguza kilo nyingi. Acha vinywaji vya sukari, punguza mlima wa wali, ongeza mboga na maharage, tembea, beba vitu vizito urudishe nyama ya mwili. Ukianza sasa, kuna uwezekano mkubwa ikarudi nyuma."

Tulipotoka nje alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akaikunja mikono yake myembamba.

"Nimelishwa, dada," akasema. "Tangu nizaliwe nalishwa, na wote walikuwa wananipenda." Akafuta pua. "Baba alianguka na pasi. Mimi nikianguka nitakuwa ndani ya tangi, chini, gizani, na wewe utaniita nisiitike. Naogopa."

Na mimi niliogopa jambo hilohilo. Nilimshika mkono tukakaa hivyo mpaka mtu akatuomba nafasi.

Lakini mdogo wangu si mtu wa kukaa na hofu. Akikaa nayo sana huigeuza ugomvi. Mteja wa kwanza aliyemletea soda alirudishiwa chupa ikiwa haijafunguliwa.

"Unakataa soda yangu?" mama mwenye nyumba akauliza, uso umemshuka.

"Nipe maji," Sindano akasema. "Tangi nimelisafisha mwenyewe, maji yake nayaamini."

Wengine walinuna, mmoja akatafuta msafishaji mwingine. Aende. Yule msimamizi wa jengo naye alituita pembeni akasema, kwa sauti ya kutuhurumia, kwamba labda wakati umefika wa kumtafuta mwanamume mwembamba kwa kazi ile, kwa kuwa mama huyu mwili umeshakuwa wa kiutu uzima. Nilifungua mdomo, lakini mdogo wangu alinitangulia.

"Mtafute," akamwambia. "Akipatikana mwambie anisubiri pale juu, anishikie kamba, dada yangu apumzike magoti."

Lifti alizisusa. Alibeba ndoo za mchanga ngazi kwa ngazi, kwa makusudi, hata kwenye majengo ambayo hatukuwa na kazi na mchanga, na mimi nyuma yake nikimlaani kila ghorofa. Nyumbani alipakua mwenyewe. Mlima wa wali ukawa kilima, kilima kikawa tuta. Mashavu yakamwingia kidogo kabla tumbo halijasikia lolote, na hapo mitaa ikafunguka midomo. Mara ana kifua kikuu, mara ana lile gonjwa lisilotajwa, mara mumewe hamtunzi. Alipoulizwa usoni na jirani kama anaumwa, alisema, "Nilikuwa naumwa mlipokuwa mnanisifu."

Miezi ikapita, na ncha za uzi zikaanza kukaribiana. Sukari ikashuka kidogo. Kidogo tu, nesi alisema, tusishangilie bado. Mwaka ulipozunguka, tangi la lile jengo aliliingia na kutoka kwa kuminywa, bila sabuni. Tungeweza kusema mambo yanakwenda, kama si mama.

Mama amekula chumvi nyingi sasa, macho yanampungua nguvu, lakini mdogo wangu humwona hata akiwa chumba cha pili. Kwa muda Sindano alikuwa akimkwepa saa za kula, anapita asubuhi, anapita jioni. Jumapili moja mama akatuita wote wawili mchana, na haikuwa ya kukwepeka. Tukakaa mkekani. Mama akashika upawa, akaanza kumpakulia kitindamimba wake.

"Inatosha, Mama," Sindano akasema.

Mama akaongeza.

"Mama, inatosha."

Mama akaongeza tena, akamwaga mchuzi juu, mafuta yakazunguka sahani. "Umekonda," akasema, na sauti ilikuwa inatetemeka. "Watu wananiambia, nami naona. Mtoto wangu ananiishia mbele ya macho. Ni huyu dada yako amekutia maneno?"

"Mimi?" nikasema. "Mama, mimi hapa ndiye niliyenyimwa miaka yote nikanyamaza! Leo nimekuwa mnyimaji?"

Mama hakunigeukia. Alisukuma sahani mpaka ikagusa goti la mdogo wangu. "Kula."

Nilijua mdogo wangu hajawahi kumkatalia mama chakula, hata mara moja, hata akiwa na homa. Nilimwona akiitazama sahani. Nikajua akila leo, atakula kesho, na ya nesi yatakuwa yamekwisha.

"Sili hii," akasema.

"Kula, mwanangu."

"Baba ulimwongezea hivi mpaka siku aliyoanguka."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama alibaki na upawa hewani, mchuzi ukidondokea mkeka. Haya maneno hayakuwahi kusemwa ndani ya nyumba ile. Nilitaka kumpiga mdogo wangu kofi, na wakati huohuo nilitaka kumbusu.

"Yeye hakukataa," mama akasema. "Hata siku moja hakusema inatosha. Ningejuaje?" Kisha akasema, kwa sauti ndogo zaidi, "Na wewe walinambia hutafika asubuhi. Nilikaa na wewe kifuani nikihesabu pumzi zako. Mpaka leo nikiona sahani yako tupu, nayasikia maneno ya wale watu."

Sindano akasogea karibu naye, akamshika uso kwa mikono miwili ili amwone vizuri.

"Nimefika asubuhi, Mama. Nitazame. Nina wajukuu. Ulinifikisha wewe. Sasa niache nikae."

Sindano akaichukua sahani, akarudisha zaidi ya nusu ndani ya sufuria, akajiwekea mboga, akaanza kula. Alikula polepole, tonge kwa tonge, na mama akimfuata kwa macho yale yaliyochoka kutoka sahani hadi mdomoni. Sikuwahi kumwona mtu akila kwa ushujaa, lakini siku ile nilimwona. Mimi chakula changu kilipoa.

Tonge la mwisho likaisha. Sahani ikawa nyeupe. Mkono wa mama ukaenda kwenye upawa. Tuliuona sote. Akauchukua, akaufuta kwa upindo wa kanga, akauweka chini ya paja lake, akaukalia.